Mikono ya Damu ya Mzee

Jimbo letu la mjini halijawahi kuchagua mbunge bila mimi kugombana na mtu. Nyumbani nilikuwa nagombana na majirani. Tangu nianze kuishi Guangzhou, China, nagombana na mtani wangu, na kwa kuwa sisi wawili ndio watu wa jimbo lile tuliobaki huku, kila mmoja anapaswa kugombana kwa niaba ya maelfu. Mimi hukasirika upesi na kucheka upesi zaidi, na kwa kweli kazi hii naipenda.

Kwanza niseme habari ya rangi. Rangi halisi za vyama vyetu sitazitaja, maana nina ndugu pande zote mbili na nataka kuendelea kula kwao Krismasi na Idi. Tuseme chama chetu ni cha rangi ya chungwa, na chama cha mtani wangu ni damu ya mzee. Ukitusoma huko nyumbani ukajiona, ujue umejiona mwenyewe.

Mimi ni Mnyamwezi. Yeye ni Mzaramo ambaye babu yake alifuata kazi za reli akashuka mjini kwetu, akaoa, akasahau njia ya kurudi pwani. Anayejua utani haniulizi kitu hapo. Asiyejua nimweleze kwamba mtani anaweza kukuita mpagazi mbele ya wakwe zako, akakuvua kofia kichwani akaondoka nayo, na wewe huna haki ya kununa. Haki yako ni moja, kumjibu kwa jambo kubwa kuliko lake. Siku ya kwanza kumwona alikuwa Shisanhang, kwenye ngazi za jengo la nguo za jumla, robota la suruali begani, anahema na kulalamika kwa Kiswahili cha kwetu kabisa. Nikamuuliza tangu lini Mzaramo akabeba mzigo, si mvua itanyesha hadi mafuriko. Akajibu bila kugeuka kwamba mpagazi wake wa Kinyamwezi amechelewa kazini. Baada ya salamu hiyo ndipo tukaulizana kata.

Tuligundua kwamba tumekulia mtaa mmoja, kila mtu upande wake wa reli, na kwamba hatuelewani hata kidogo kuhusu nani awe mbunge. Nilifurahi mno. Watu wanadhani mtu akiwa ugenini anatamani wa kukubaliana naye. Mimi nilikuwa natamani wa kubishana naye.

Historia ya jimbo letu naijua kwa vitu vilivyovaliwa na kubebwa. Ya zamani kabisa naijua kwa jembe. Enzi za chama kimoja wagombea walikuwa wawili, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine nyumba, na walizungushwa jimboni kwenye gari moja, bega kwa bega, kila mmoja akisikiliza mwenzake akijisifu. Mwaka ninaoukumbuka, jembe alikuwa binamu yake baba. Nyumba alikuwa mwanamke, mkunga wa hospitali ya wilaya, aliyewaleta duniani nusu ya watoto wa mtaa wetu, mimi mmojawapo. Mama yangu alifunga kanga kiunoni, akabeba jembe halisi begani, akaongoza akina mama wa ukoo kucheza barabarani hadi vumbi likapanda juu ya mapaa. Jembe likashinda. Baba hajaacha kuisimulia ngoma ile, na mpaka leo wageni wakija huonyeshwa jembe lenyewe, limeegemezwa nyuma ya mlango.

Vilipokuja vyama vingi, damu ya mzee walichukua jimbo kwa mwalimu mkuu mstaafu, aliyeahidi kuchimba mtaro wa maji machafu kandokando ya soko. Baadaye sisi tukalitwaa kwa mwenye mabasi, aliyeahidi kuumalizia mtaro. Fulana zake ndizo zilizokuwa oda yangu ya kwanza kutoka Guangzhou. Nilikuwa mgeni, sikujua kwamba saizi kubwa ya huku ni ya kijana wa sekondari wa kwetu, na siku ya mkutano wazee wa chama walipanda jukwaani vitovu nje. Tulishinda hivyo hivyo. Uchaguzi uliofuata niliagiza kofia. Mvua ikanyesha uwanjani, rangi ya chungwa ikawashuka wapiga kura usoni hadi shingoni, na tukashindwa na mwenye duka la dawa, aliyeahidi mtaro. Uliofuata niliagiza miavuli. Ilifika bandarini baada ya kura kuhesabiwa, na hadi leo wauza nyanya wa sokoni wamekaa chini yake. Mwenye duka la dawa akarudi bungeni, na mtaro haujaisha.

Mimi na mtani hatukupiga kura katika chaguzi hizo. Majina yetu yamo kwenye daftari la shule ya msingi ya mtaani, na sisi tuko huku, ambako hakuna sanduku la kutufikia. Ndiyo maana tuliwekeana sharti letu, na ni sharti la kiungwana lisilo na fedha ndani yake: ambaye mgombea wake ameshindwa atavaa fulana ya mshindi siku nzima Shisanhang, apande na kushuka ngazi zile zote mbele ya Watanzania, Wakenya, Wakongo na wenye maduka. Nimelitimiza sharti hilo mara mbili, na mbili ni nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Sasa mwenye duka la dawa akaugua, akajiuzulu, na ukatangazwa uchaguzi mdogo. Nilikuwa kwenye soko la vitambaa la Kangle simu ilipoita. Alikuwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu, aliyekuwa diwani wa kata kwa muhula mmoja. Akanieleza kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya sukari kwamba chama kimempitisha. Nikakaa juu ya majora ya kitambaa katikati ya njia, pikipiki za umeme zikinipigia honi, nikalia. Tangu yule mkunga mwenye alama ya nyumba, hakuna mwanamke aliyesimama kwenye jimbo letu. Mdogo wangu akangoja nimalize, kisha akasema anahitaji fulana, na safari hii zitoshe, zisitoe rangi, na zifike.

Hilo la tatu ndilo lililoninyima usingizi. Uchaguzi mdogo hauna muda. Kampeni ilikuwa inafunguliwa sokoni, mbele ya mtaro, na mama alikwisha kutangaza kwa majirani kwamba siku hiyo atavaa sura ya mwanawe kifuani. Mzigo ukikosa ndege ya wiki ile, mdogo wangu angepanda jukwaani mbele ya uwanja uliojaa damu ya mzee, maana upande wa pili nao walikuwa wameagiza, na aliyeagizwa nilimjua: mtani wangu.

Mtani alikuja kunipongeza akiwa ameshika picha ya mgombea wao, mkandarasi mwenye kitambi na tabasamu zuri. Tulifanya tulichofanya siku zote. Tulikwenda pamoja kwa laobani mmoja wa Kangle, yaani bosi mwenye karakana, mama wa makamo anayeshona vizuri na kukataa vizuri, kwa sababu oda zetu mbili zikiunganishwa anazishughulikia mapema, na kila moja peke yake angeisukuma nyuma ya oda za wengine. Watu wa nyumbani wangejua kwamba wapinzani wanashonewa kwenye meza moja wangetufukuza kwenye vyama vyote viwili. Sisi tuliona ni sawa na wale wa jembe na nyumba ndani ya gari moja.

Fulana zilikuwa za aina moja: nyeupe, sura ya mgombea kifuani, na mikono ya rangi ya chama. Laobani alitandaza picha mbili mezani, akaweka vipande vya kitambaa pembeni, akatoa simu inayotafsiri. Mtani akaisogelea ile simu. Niliuona uso wake nikajua anakuja na utani.

"Laobani, huyu dada akivaa chungwa ataonekana mgonjwa," akasema, kwa heshima kabisa. "Mwekee mikono yetu ya damu ya mzee. Sisi tutamposa."

Simu ikayasema hayo kwa Kichina, taratibu, kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Laobani akanitazama mimi kuona kama nakubali. Mtu mwenye akili angesema hapana. Lakini Mnyamwezi akitaniwa na Mzaramo hawezi kusema hapana, hiyo ni sawa na kusalimu amri. Nikaichukua simu nikasema sawa kabisa, na huyu baba mwenye kitambi mpe mikono yetu ya chungwa, huenda akapata busara kidogo. Simu ikatafsiri. Laobani akatabasamu, akahamisha vipande vya kitambaa, kimoja huku kimoja kule, akapiga picha. Sisi tulikuwa tunacheka hadi tumeshikana mabega. Tulidhani na yeye anacheka nasi. Tukalipa, tukaaga, tukaenda kula.

Ule ulikuwa msimu wa unyevu, ambapo Guangzhou nzima hutoka jasho: kuta zinalia, ngazi zinateleza, nguo ukizianika leo na kesho zimelowa vilevile. Kila asubuhi niliuliza kwa ujumbe kama picha zimekauka, na laobani alinijibu kwa picha ya kidole gumba. Mdogo wangu aliuliza kila jioni. Mama aliuliza kupitia mdogo wangu. Nami nikawa najibu wote kwamba mambo safi.

Siku moja kabla ya wakala wa ndege kufunga mzigo, tulikwenda kuchukua. Magunia yalikuwa tayari yamepangwa mlangoni. Mtani akafungua moja la kwake ili ajivunie, akatoa fulana, akaikunjua, na uso wake ukabadilika. Mkandarasi alikuwa anatabasamu katikati ya mikono miwili ya chungwa. Nikachana gunia langu kwa meno. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alikuwa amevaa damu ya mzee. Gunia zima. Na lililofuata.

Niliona giza. Nilimfikiria mama akiitoa fulana kwenye mfuko mbele ya majirani. Nikaanza kupiga kelele kwa Kinyamwezi, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa yale maneno machache ya Kichina ninayoyajua, ambayo mengi ni tarakimu. Laobani hakupandisha sauti. Alitoa simu, akatuonyesha picha aliyoipiga, kisha akatusikilizisha maneno yetu wenyewe, ya mtani kwanza na yangu baadaye, na kila tukicheka mle ndani kwenye simu aliinua kidole kutuonyesha kwamba tulikuwa na furaha na uamuzi wetu. Alikuwa amefikiri ni arusi. Wateja wengi kutoka Afrika hushonesha kwake fulana za arusi, na hizi alizielewa vizuri sana: bwana harusi avae rangi ya ukoo wa mke, bibi harusi rangi ya ukoo wa mume. Aliona ni desturi nzuri, akatusifu.

Mtani aliketi chini juu ya gunia.

"Mtani," akasema, "mimi ndiye niliyeanza."

"Na mimi ndiye niliyemjibu," nikamwambia, maana ndio ukweli, na hasira yangu ikanishuka hapo hapo nikaanza kucheka. Nilicheka vibaya, kwa machozi. Naye akaanza.

Tuliomba laobani ashone upya. Akajibu meyo, neno ambalo kila mfanyabiashara wa huku analielewa kabla hajajua kusalimia: hakuna, haiwezekani. Mafundi wake walikuwa na oda nyingine mezani. Tukamsihi. Mwishowe akakubali jambo moja: tukiifumua mikono wenyewe bila kuichana, mafundi wake wataishona tena mahali pake, wakiipokea kadiri tunavyoifumua. Sura zilichapwa kwenye kitambaa cheupe, kwa hiyo sura hazikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa mikono, na mikono ya mdogo wangu ilikuwa juu ya mkandarasi.

Nilimpigia simu ninayeishi naye, mama wa Kikongo ambaye ni msusi, naye akaja na wasusi wenzake wawili. Mtani akamwita Mkenya mmoja mfanyabiashara wa viatu ambaye hana chama popote. Tukakaa uchochoroni mbele ya karakana kwenye viti vya plastiki, magunia katikati, mikokoteni ya vitambaa ikitupita kwa tabu na wenyewe wakituuliza tunauza nini. Mshono wa ovaloki ukipata uzi wake sahihi unafumuka wote kwa mvuto mmoja. Ukipata uzi usio sahihi unakaba. Msusi wangu akatazama milima ile miwili ya fulana.

"Mais mama, muko munafungua kile mulilipa bashone?" akaniuliza. "Juu ya nini?"

Nikamwambia juu ya siasa. Akasema ah, bon, akavuta kiti.

Ile siku nitaikumbuka hadi nizeeke. Tulifumua na kusimulia. Mtani alisimulia habari za mwalimu mkuu aliyekuwa akihutubia mikutano kama anaita mahudhurio, na kumkaripia aliyechelewa. Mimi nikasimulia vitovu vya wazee. Yeye akasimulia kofia zilizotoa rangi, na akasimulia vizuri kuliko mimi, kwa sababu alikuwa likizo nyumbani siku ile, akarejea huku kabla ya kura, na aliona kwa macho yake katibu wetu wa kata akijifuta uso mbele ya umati, akizidi kuwa wa chungwa. Nikasimulia ngoma ya mama na jembe. Mkenya akacheka akasema, "Aki nyinyi watu wa Tizedi, mtaro moja imewamaliza serikali nne." Kila aliyepita tukamuuliza kama ana nafasi ya mkono mmoja. Mikono ya damu ya mzee ilirundikana upande wangu, ya chungwa upande wa mtani, na kila rundo likikua tulikuwa tunalikabidhi kwa upande wa pili, moja kwa moja, kama wake za ndugu wanaopeana watoto. Sikuwahi kufanya kazi ya kampeni kwa bidii kiasi kile, na nusu ya kazi yenyewe niliifanyia chama ninachokipinga.

Ndani, vyerehani vilikuwa vikilia. Kila laobani alipotoka kutuletea chai alikuwa anatutazama na kutikisa kichwa. Nadhani alikuwa akiwasikitikia maharusi.

Jua halijazama tulimaliza. Nilipofunga gunia la mwisho nikakuta imepungua fulana moja ya mdogo wangu. Nikamuuliza laobani, akasema meyo. Nikawauliza wasusi, wakanyoosha mikono mitupu. Nikasema basi, labda imechukuliwa na mpita njia aliyependa sura ile, na kwa kweli ni sura ya kupendwa. Mzigo ukapanda ndege.

Siku ya kufungua kampeni nilikuwa nimeshika simu tangu alfajiri. Picha zilipofika nilikuwa kwenye treni ya chini ya ardhi, na nilisahau nilikokuwa nikienda. Mdogo wangu hakupanda jukwaani kabisa. Alishuka ndani ya mtaro, amevaa mabuti ya mvua, mikono ya chungwa imekunjwa hadi kwenye mabega, maji meusi yakimfika chini ya magoti, na humo ndani akawahutubia watu waliojipanga kandokando juu yake. Aliwaambia hatawaahidi mtaro, kwa sababu mtaro umeahidiwa hadi umechoka. Ameshuka ili waone kina cha mtaro wenyewe. Na juu yake, ukingoni kabisa, amesimama mama, fulana imemtosha na kubaki, ameshika mkono wa baba asiteleze. Abiria wa Kichina pembeni yangu aliniuliza kwa ishara kama niko salama, maana nilikuwa nalia. Nikamwonyesha picha. Akanipa tishu.

Kura zilipigwa wakati wa maonyesho ya biashara ya Pazhou. Mimi na mtani tulikuwa kule na wateja wetu, tukizunguka kwenye kumbi zile kubwa, na kila tulipopishana tulionyeshana simu. Siku ya pili hesabu zikaanza kutoka, na asubuhi tulikuwa tunaongoza. Mchana wao walikuwa wanaongoza. Nilimtafsiria mteja bei ya feni nikitaja idadi ya kura za kituo cha sokoni. Matokeo ya mwisho yalifika nikiwa nimesimama katikati ya mashine za kukamua juisi: mdogo wangu ameshindwa, kwa kura chache kiasi kwamba zingetoshea kwenye basi moja la mbunge wetu wa zamani.

Niliumia. Sitajifanya kwamba sikuumia. Mdogo wangu alinipigia yeye, akanibembeleza yeye, akasema kituo cha sokoni amekichukua chote na atasimama tena. Mtani nilimwona kwa mbali, kwenye kibanda cha taa, naye akaniona. Hakuja kunicheka. Hilo nalo liliniudhi, maana kuchekwa kulikuwa haki yangu.

Lakini sharti ni sharti. Asubuhi iliyofuata niliitoa fulana ya mkandarasi niliyoletewa kwa ajili hiyo, yenye mikono ya damu ya mzee ambayo huenda niliifumua mimi mwenyewe, nikaivaa. Msusi wangu aliniangalia akaniambia pole, na kwamba rangi inanipendeza. Nikapanda treni nikiwa nimefunga mkoba kifuani kuficha kile kitambi. Nilipofika Shisanhang niliutoa mkoba, nikainua kichwa, nikaanza kupanda ngazi.

Mtani alikuwa amesimama pale pale nilipomkuta siku ya kwanza, bila robota. Alikuwa amevaa fulana ya mdogo wangu. Ile iliyopungua. Haikufumuliwa, sura ya kitinda mimba wetu ilikuwa kifuani pake, na mikono ilikuwa bado ya damu ya mzee, kama laobani alivyoishona. Watu wa chama chake, na wapo wengi mle ndani, walikuwa wakipita na kumtazama.

Nikamwambia yeye ndiye mshindi, hapaswi kuvaa kitu. Nikamwambia pia ni mwizi. Akasema mtani haibi, na hilo lilikuwa kweli, kwa desturi nisingeweza kumdai. Kisha akaninong'oneza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Mikono hii ni ya chama changu, nimezaliwa nacho. Uso huu ndio ambao ningeupigia kura, mtani, kama huku kungekuwa na sanduku." Akatazama kando. "Usimwambie mtu."

Kwa utani nilipaswa kumjibu kwa jambo kubwa kuliko hilo. Nikamshika ule mkono wa damu ya mzee, tukapanda ngazi pamoja, mimi nimevaa mtu wake, yeye amevaa mtu wangu. Wenye maduka walikuwa wakicheka na kutupiga picha, na mmoja alitukabidhi machungwa mawili kwa mikono yake yote miwili, kama wanavyowapa watu waliopata heri.

Aliposema nisimwambie mtu, mama hahesabiki. Nilimpigia jioni ileile nikamweleza yote: utani kwenye simu, arusi ya laobani, mikono, na alichoninong'oneza Mzaramo. Nilidhani atacheka. Nikasikia anatembea, na mlango ukifungwa.

"Mwambie mtani wako asione haya," akasema kwa sauti ndogo. "Mimi nililibeba lile jembe mji mzima. Nililicheza mpaka kanga ikachanika. Nilipoingia kwenye kile chumba cha kura nikaweka alama kwenye nyumba. Yule mama alinizalisha wewe ukiwa umetanguliza miguu, mwanangu. Ningeweka wapi pengine?"

Nikamuuliza baba alisemaje. Akasema baba hajui hadi leo, na nisithubutu. Tukaanza kucheka, mimi Guangzhou na yeye nyuma ya mlango wake lilipoegemezwa lile jembe, tukacheka hadi nikamsikia baba kwa mbali akiuliza kuna nini huko ndani. Mama akamjibu kwamba ni habari za fulana.